Kutoka Campbelltown hadi Mona Vale kwa Ajili ya Nusu Pumzi

Mama Kelia kanipigia mara mbili, wa kwaya wameandika kwenye grupu, na Jumapili hata mchungaji kanishika mkono mlangoni: "Eti mlikwenda kumwimbia mzungu mgonjwa, mkachukua siku nzima?" Nimechoka kurudia. Nakaa chini naandika mara moja. Anayetaka kusoma asome, na asiniulize nauli ilikuwa kiasi gani wala nilibadilishana shift na nani, maana hayo ndiyo yananipandisha presha.

Kwa msiotujua vizuri, tuko watatu hapa Sydney: mimi wa Campbelltown, Ezekieli wa Fairfield anayetengeneza milango kiwandani, na Wambui wa Toongabbie, Mkenya, anayelea wazee. Mmetuona kwenye harusi. Kuna wimbo wetu mmoja wa Kiingereza ambao mkiusikia mnaacha kula.

Wimbo ule mimi na Ezekieli tulifundishwa kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kutoka kwenye kanda ya video; Wambui tulimfundisha hapa baadaye. Daktari mmoja wa misheni aliondoka akaacha sanduku la kanda za vipindi vya zamani vya televisheni ya Marekani, vile vya enzi ya picha zisizo na rangi, ambamo bwana mmoja mwenye tai anakaribisha wageni wake: huyu anachekesha, yule anazungusha sahani juu ya fimbo, wale wanaimba. Katika kimojawapo walikaribishwa watatu, dada wawili na kaka yao. Mwalimu wetu wa kwaya hakujua Kiingereza, na sisi vilevile. Alichojua ni kwamba wale wanaimba kutushinda, basi akatoa amri moja: msiongeze, msipunguze. Tukashika kila kitu. Tulishika maneno tusiyoyaelewa, tukashika hatua, tukashika na pale mwisho wanapogeuka kushoto, wanainama na kucheka na mtu asiyeonekana. Sisi tulijua ni sehemu ya wimbo. Kumbe walikuwa wanamsalimia mwenye kipindi. Miaka yote hii tumeinama kushoto tukimchekea mpiga ngoma, na kwenye harusi ya Blacktown tulikichekea kiyoyozi.

Na kuna pale kwenye ubeti wa tatu. Dada aliyesimama jirani na kaka anaingia nusu pumzi kabla ya wakati, na dada wa pembeni anaingia papo hapo nyuma yake, akimgeukia na kutabasamu. Kaka anasubiri peke yake. Hapo ndipo mnapopiga vigelegele. Mimi ndiye ninayeingia kwanza, Wambui ananifuata, Ezekieli anasubiri.

Sasa mwezi uliopita Wambui alikuwa anatandika kitanda cha bibi mmoja kazini kwake, Mona Vale, upande wa pili wa jiji, akiimba kwa sauti ya chini, na alipofika pale akasikia bibi anauliza: "Umejifunzia wapi kosa langu, au la dada yangu?" Bibi huyo ni Nora. Ndiye mmoja wa wale watatu. Ni watu wa hapahapa Sydney, walikwenda Marekani wakazunguka kwenye vipindi vile, leo hiki kesho kile, mpaka usiku ule wa kosa. Baada ya hapo hawakuitwa tena popote. Nora akamwambia meneja kwamba aliyeingia mapema ni Peg, dada yake. Peg akasema ni Nora. Walirudi kwao kwa meli moja hawasemezani, na hawajasemezana mpaka leo. Kaka yao Les ameshakufa. Kanda ya kipindi ilifutwa zamani, watu wa televisheni walikuwa wanarekodi juu yake, na nakala ya yule daktari wa kambini sijui iliishia wapi. Peg yuko Perth, kwenye nyumba ya wazee kama huyu.

Na Nora moyo umechoka. Daktari amesema tuhesabu wiki. Akamwambia Wambui: "Usiniambie lolote, maneno nimeshayasikia ya kutosha. Walete wenzako msimame mbele yangu. Kama ni mimi, nitampigia Peg. Kama ni yeye, anipigie yeye." Nikasema tumtumie video. Wambui akasema macho ya bibi hayaoni kitu kwenye simu. Basi ikawa Jumamosi, kabla ya saa tisa mchana, maana saa tisa wanampa dawa inayomlaza mpaka kesho yake.

Campbelltown hadi Fairfield

Saa moja asubuhi niko stesheni nimevaa kitenge cha kwaya na kilemba, na treni hakuna. Reli inatengenezwa. Tangazo lilikuwepo wiki mbili, la njano, kubwa, na mimi nimelipita kila siku nikienda kazini. Nilimpigia binti yangu Divine aniangalizie njia. Mimi naongea Kiswahili, yeye ananijibu, "Mum, that's like four hours. Just don't go." Eti saa nne njiani, bora nisiende. Nikamwambia asante kwa msaada, mwanangu, nikakata.

Tukapakiwa kwenye basi la kushika nafasi ya treni. Dereva alikuwa mgeni wa njia. Si kwamba nakisia, alituambia mwenyewe, kwenye kipaza sauti, kwamba anayeijua Glenfield asogee mbele. Alisogea mzee mmoja mwenye kofia ya kriketi, naye akawa anasema "kushoto" wakati mkono wake unaonyesha kulia. Tulizunguka maduka yaleyale mara mbili. Mara ya pili mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni pa duka la mikate akatupungia mkono.

Fairfield nilifika saa tatu. Tulikubaliana Ezekieli awe kwenye ngazi ya stesheni. Hayupo. Simu hapokei. Nilisimama pale robo saa nzima na kilemba changu, watu wanapita na mifuko ya mboga, hadi nikamwona anakuja taratibu, suti ya kijivu, amekumbatia hotpoti kubwa ya kijani kwa mikono miwili.

"Ezekieli, hiyo ni nini?"

"Dagaa, dada. Na mihogo."

"Tunakwenda kuimba."

"Tunakwenda kwa mgonjwa," akasema. "Kwa mgonjwa mtu hawezi kufika mikono mitupu."

Ni kweli. Lakini dagaa wale alikuwa amewakaanga asubuhi ileile, wa Kigoma wenyewe, na mfuniko wa hotpoti haukufunga vizuri.

Toongabbie

Mpango mzima ulikuwa hivi: tufike kwa Wambui, tupande gari lake, baada ya saa moja na nusu tuko Mona Vale. Kwa ajili ya gari lile nilikuwa nimevumilia yote. Tukafika saa nne na nusu. Mbele ya nyumba kuna doa la oili na hakuna gari.

"Aki Mama Divine, usinikasirikie," Wambui akasema kabla sijavuka geti. "Baba Jayden ameenda na watoto soccer, Penrith. Nilimwambia ni Saturday. Yeye anasema nilisema Sunday."

"Mpigie."

"Simu ameiacha hapa, iko kwa charger."

Nilikaa kwenye ngazi. Nawaambieni ukweli, nilitaka kulia, na si kwa ajili ya Nora, ni kwa ajili ya miguu yangu. Wambui akasema, "Ingieni kwanza mnywe chai." Nikamwambia hakuna kuingia wala chai. Akasema iko tayari. Mkenya akishachemsha chai yake huondoki bila kuinywa, kwa hiyo tulikunywa tukiwa tumesimama, ya moto, inatuunguza ndimi, na Ezekieli akaomba kikombe cha pili.

Wakati huo Wambui alitoa karatasi kwenye pochi yake. Ilikuwa namba ya simu ya Perth, imeandikwa kwa mkono, wino umeanza kufifia. Nora alikuwa amempa aitunze. Wambui akasema, "Amekaa na hii namba miaka mingi. Hajawahi kupiga hata siku moja." Nikaitazama ile karatasi, nikaweka kikombe chini, nikasema twendeni.

Kwenda mjini na msiba tusiokuwa nao

Reli ya kwenda mjini nayo ilikuwa imefungwa kipande, kwa hiyo basi tena. Lilijaa. Tulisimama watatu tumevaa sare, hotpoti katikati ya miguu. Kijana wa watu mwenye fulana ya kazi, zile zinazong'aa, akamwuliza Ezekieli kama tunakwenda harusini.

"Hapana," Ezekieli akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Tunakwenda kumwimbia bibi. Bibi yetu. Ni wiki chache tu."

Alitaka kusema amebakiza wiki chache. Kijana alielewa kwamba bibi yetu amekufa wiki chache zilizopita. Akavua kofia, akasimama, akawaambia wawili waliokuwa karibu naye wasimame pia. Ghafla tukawa na viti vitatu. Mama mmoja wa Kivietinamu, mtu mzima, akaninyooshea machungwa manne madogo ndani ya mfuko, akanipapasa goti. Mwingine akatuuliza bibi alikuwa na umri gani. Nilifungua mdomo nisahihishe, nikaona itanibidi nianze na kanda ya kambini, nikaufunga. Ezekieli alikuwa ameshainamisha kichwa, anapokea pole moja moja, "Asanteni, asanteni sana," kama mtoto mkubwa wa marehemu.

"Wewe," nikamnong'oneza, "Nora hajafa."

"Najua. Lakini wameshasimama."

Basi kwa muda wa saa nzima ilibidi tuwe na huzuni. Wambui alishikwa na kicheko, akaficha uso kwenye skafu, mabega yanatikisika, na yule mama wa Kivietinamu akampa tishu. Mimi nilikuwa naangalia saa tu. Kwenye daraja tukakwama kwenye msongamano, na ndipo wenye huruma wakaanza kusikia harufu ya dagaa. Hakuna aliyelalamika, kwa heshima ya marehemu. Walifungua madirisha.

Wynyard hadi Mona Vale

Saa saba mchana, pale Wynyard katikati ya mji, tukapanda basi la kaskazini. Hili lilikuwa zuri, lina viti vya kutosha, na dereva anajua njia. Nikasema sasa tumepona. Ezekieli akafungua hotpoti aone kama mafuta yanavuja. Yalikuwa yanavuja. Yalimwagika kwenye kitenge changu, kuanzia pajani mpaka gotini, mafuta mekundu ya mawese na pilipili. Nilitoa leso nikaanza kusugua. Wambui anasema kusugua kwangu ndiko kulikomtisha.

Halafu yeye mwenyewe akatuharibia. Huyu mtu anakwenda Mona Vale siku nne kwa wiki, ila kwa gari. Barabara anaijua akiwa nyuma ya usukani. Kwenye basi alikuwa kipofu. "Hapa, hapa," akasema, akabonyeza kengele, tukashuka, basi likaondoka, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Ngoja."

Tulitembea vituo vitatu. Jua kali, mlima, viatu vya harusi. Watu walikuwa wanapita na mbao zao za kuteleza kwenye mawimbi kichwani, miguu peku, wanatusalimu kwa furaha. Nilimwambia Wambui maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye grupu la kanisa. Nilimwambia na Ezekieli, na nikamjumlisha mwalimu wetu marehemu na kanda yake. Kama tungefundishwa nyimbo za kawaida kama watu wengine, ningekuwa nyumbani nimelala.

Chumbani kwa Nora

Tulifika saa nane kasoro dakika tano. Nora alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo, mweupe, blanketi magotini, na macho yake yakaanza na doa la mafuta kwenye kitenge changu.

"Mmechelewa," akasema. "Nilidhani mmeniogopa."

Ezekieli akamkabidhi hotpoti kwa mikono miwili. Nora akanusa, akamwambia Wambui, "Weka pale, nitaonja," na kweli baadaye alikula dagaa watatu, akasema wana chumvi nyingi.

Kisha akavuta droo akatoa picha. Walipigwa usiku uleule, kabla ya kuingia mbele ya kamera, wamejipanga tayari kuimba. Wambui hakuwahi kuonyeshwa. Kaka upande mmoja, halafu dada mmoja jirani naye, halafu dada mwingine pembeni. Nikauliza, "Wewe ni yupi, Bibi?" Akaweka kidole juu ya yule aliye jirani na kaka.

Huyo ndiye mimi. Hapo ndipo ninaposimama mimi kila harusi. Anayeingia mapema ni Nora mwenyewe.

Tuliomba ruhusa tutoke kidogo, eti tujipange. Kwenye korido Ezekieli akasema haraka, "Dada, tubadilishane. Wambui aanze, wewe umfuate. Bibi wa watu ana wiki ngapi? Mwache aende na amani yake."

"Na Peg je?" Wambui akasema.

"Peg hatumjui."

"Sikupanda mabasi yote haya kuja kusema uongo," nikamwambia, lakini ilikuwa hasira inayosema. Moyoni nilikuwa naogopa. Nilimwona yule bibi na mifupa ile ya shingo, nikajiuliza mimi ni nani wa kumbebesha kosa hilo mwishoni kabisa. Nilimgeukia Wambui kwa sababu ndiye anayemwosha na kumlisha. Nikasema, "Wewe sema."

Wambui akatazama mlango wa chumba. "Tukimwambia ni Peg, hatapiga simu," akasema. "Atakaa hapo akingoja kupigiwa mpaka afe. Mimi ndio nitakuwa namwona. Tuimbe vile iko."

Tukaingia, tukasimama. Nora akashika mikono ya kiti. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulipokaribia nilijaribu kusubiri, nakiri, wakati wote tumeshakubaliana. Nilitaka nione tu kama naweza kumsitiri. Sikuweza. Mdomo ulifunguka wenyewe, nusu pumzi kabla, kama siku zote. Na Wambui akaingia papo hapo nyuma yangu, akanigeukia, akatabasamu. Ezekieli akasubiri. Tukamaliza, tukainama kushoto, tukalichekea kabati la nguo.

Nora alikuwa haangalii kwangu. Alikuwa anamwangalia Wambui.

"Rudieni pale," akasema. Tukarudia. "Tena." Tukarudia mara ya tatu. Kisha akanyanyua kiganja tunyamaze.

"Hakuwa na sababu ya kuingia," akasema taratibu. "Angesubiri na Les, ningebaki nje peke yangu, na Marekani yote ingeniona. Aliniona nimeteleza akaruka pamoja nami ili ionekane tumepanga." Akafuta pua kwa ncha ya blanketi. "Na mimi nikaenda kumwambia meneja ni yeye."

Mimi nililia, sioni haya kusema. Ezekieli alilia pia, na safari hii ilikuwa kweli.

Nora akanyoosha mkono kwa Wambui aletewe simu. Wambui akatoa ile karatasi, akapiga, akaweka sauti nje. Iliita sana. Akapokea mhudumu, tukasikia anauliza, tukasikia viti vinaburutwa, halafu sauti ya bibi, nzito, "Nani?"

"Peg," Nora akasema, bila salamu. "Aliyeingia mapema ni mimi."

Kulikuwa na milio ya vijiko na sahani.

"Nora," ile sauti ikasema, "wametuwekea chakula sasa hivi. Nipigie saa kumi ya kwenu."

Simu ikakatwa.

Nilikasirika, jamani. Maisha mazima yamepita, mtu ananyoosha mkono kutoka kitandani pa kufia, halafu unamwambia uko mezani? Nilianza kusema hivyohivyo kwa Kiswahili, Ezekieli akanishika mkono. Nora alikuwa amegeukia dirisha. "Amesema nimpigie," akasema.

Saa tisa mhudumu wa zamu akaja na dawa. Nora akamwambia airudishe, atainywa baadaye. Mhudumu akamtazama Wambui, Wambui akamwambia mwache. Tukabaki. Basi letu la kurudi lilipita, tukalisikia, na la pili likapita. Tulikula machungwa ya yule mama wa Kivietinamu.

Saa kumi kasorobo Nora akamwomba Wambui amchane nywele. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, nikamwambia, "Ni simu, Bibi. Hatakuona."

"Najua ni simu," akasema. "Rangi ya mdomo iko kwenye droo ya juu."